Kasoro ya Bwana Tumbiri

Furaha ikizidi, geuka utazame nyuma. Ndivyo alivyokuwa akisema bibi yake Lea, na Lea siku zote alimcheka. Jumapili ile hakukumbuka hata kumcheka, maana simu aliyopigiwa na baba yake asubuhi, yeye bado yuko kitandani, ilikuwa imemvuruga akili kwa raha.

"Kulwa," baba alimwita kwa jina la nyumbani, "yule mwenzio mwambie aje leo jioni ale kwetu. Barua yake ina wiki tatu kwangu. Jibu lipo."

"Jibu gani, baba?"

"Jibu la barua anapewa mwenye barua." Kisha mzee Godfrey akacheka, naye si mtu wa kucheka kwenye simu, anaona salio linaisha.

Lea alijua maana ya kicheko kile. Ilikuwa ni ndiyo! Baada ya mwaka mzima wa vuta nikuvute, baba yake amekubali barua ya posa ya Meshaki.

Na msidhani ilikuwa kazi ndogo. Meshaki alikuwa dereva wa kutembeza watalii mbugani Mikumi, kijana mpole, msafi, mwimbaji kwaya. Lakini alikuwa mtoto wa wafugaji, na pale Masanze nyumbani kwa kina Lea jambo hilo lilikuwa kidonda. Miaka mitano nyuma kundi la ng'ombe liliingia shambani kwao mahindi yakiwa yamekomaa. Doto, pacha wake Lea, akatoka mbio kuwafukuza. Dume moja likamsukuma mferejini, nyonga ikavunjika. Mpaka leo Doto anatembea kwa fimbo, na ana miaka ishirini na saba tu.

Mwenye ng'ombe alikuja, akaomba radhi, akalipa, kisha akahamia Handeni. Aliyekuwa akiwachunga hakuonekana. Watu walilijua jina tu: Kitashu. Aliwaacha ng'ombe, akatokomea, hata pole hakuja kutoa. Mzee Godfrey alikuwa na msemo wake: "Hasira ya mahindi iliisha na mahindi. Sina ugomvi na ng'ombe, wala na mwenye ng'ombe. Nina ugomvi na Kitashu." Shangazi yake Lea ndiye aliyeshikilia kwamba wafugaji wote ni wale wale, na mzee alichukua mwaka mzima kumwambia dada yake kwamba hapana, Meshaki si Kitashu.

Basi Lea akavaa gauni lake la kitenge cha bluu, akatoka Kilosa mjini anakofanya kazi maabara, akashuka Mikumi saa saba mchana. Mpango ulikuwa mmoja. Wacheze mchezo wao wa Jumapili, kisha waende Masanze kwa pikipiki ya Meshaki, wakale wali wa mama na wapewe jibu.

Mchezo wenyewe ulichezwa chumba cha nyuma cha steshenari ya Ashrafu, pale kandokando ya barabara kuu, ambapo lori likipita vikombe vinacheza mezani. Ashrafu alikuwa mwalimu wa hisabati kabla hajaona kwamba fotokopi haimpigii mtu kelele. Mgeni mmoja wa mbugani alimwachia Meshaki kitabu cha mchezo na kete za ajabu, nyingine za pande ishirini, na Ashrafu akakitafsiri chote kwa Kiswahili chake. Kila mchezaji anajitungia mtu, anamjazia fomu, kisha Ashrafu anasimulia safari, na kete ndizo zinazosema kama umeruka shimo au umetumbukia. Jumapili iliyopita mtu wa Lea, mganga, alitafunwa na joka kwa sababu ya kete moja mbovu. Leo alikuwa anaumba mwingine.

"Safari hii nataka shujaa wa deraya," Lea alisema akivuta fomu. "Wale wa mfalme, wa kupanda farasi."

"Hapo sawa," Ashrafu alifurahi. "Mtu wa heshima zake. Nguvu tumpe kumi na saba."

"Mpe tisa."

"Tisa! Deraya ya chuma ataibeba na nini?"

"Haibebi. Chuma kinapiga kelele. Huyu anavaa ya ngozi, na viungio kavifunga matambara, asisikike akipanda dirishani."

Monica, nesi wa zahanati, ambaye alikuwa mchezaji wa nne, akaweka chini karanga zake. "Dirishani? Shujaa wa mfalme anafuata nini dirishani kwa watu, mama?"

"Funguo. Wepesi mpe kumi na nane. Anafungua kufuli yoyote kwa ndoano ya kuvulia samaki."

"Lea, huyo ni kibaka," Ashrafu alikaza uso wa kiualimu. "Kitabu kinasema mkweli, jasiri, ana farasi mweupe."

"Farasi alimuuza. Anapanda punda."

Monica alicheka mpaka karanga ikampalia. Lea akaendelea kujaza, ulimi ukichungulia pembeni ya mdomo kama mtoto wa darasa la kwanza. Jina la shujaa, Bwana Tumbiri. Alizaliwa zizini. Bwana wake alikufa njiani akimwachia deraya, Tumbiri akaivaa, akaingia nayo kwa mfalme, akapokewa. Hakuna aliyemuuliza alikotoka. Alitembea kiungwana, watu wakamwona muungwana.

"Huo ni udanganyifu," alisema Ashrafu.

"Ni ujanja, mwalimu. Wewe mwenyewe ulitusomea kwamba shujaa ni kiapo, si nguo. Haya, andika kiapo." Akasoma huku akiandika. "Atamdanganya mfalme, atamdanganya mlinzi na hakimu. Lakini hatamdanganya kamwe mtu aliyempa chakula."

Akamgeukia Meshaki. "Unampenda?"

Meshaki alikuwa hajasema neno tangu mchezo uanze. Alimtazama Lea, si karatasi, macho yale meusi yaliyotulia ambayo yalimfanya Lea asahau nauli siku ya kwanza. Leo hayakuwa yametulia. "Nampenda," alisema. "Nampenda kuliko anavyojua."

"Uuuwi, tokeni nje nyie," Monica akaipiga meza kofi.

Sasa, Ashrafu alikuwa na sheria ambayo haimo kitabuni. Mazuri ya mtu wako utaandika mwenyewe, lakini kasoro yake ataiandika aliyekaa kulia kwako, maana hakuna mtu anayejua kuandika kasoro yake. Kulia kwa Lea alikaa Meshaki. Lea akamsukumia fomu na kalamu.

"Usinionee. Weka anaogopa mbuzi, basi."

Meshaki aliishika kalamu muda mrefu. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso, na feni ilikuwa inazunguka. Kisha akaanza kuandika, akaandika, akajaza nafasi yote, akageuza karatasi akaendelea nyuma.

"Kasoro gani hiyo, au wasia?" alitania Monica.

Meshaki akairudisha fomu. Lea akaisoma kwa sauti, kama walivyozoea, tena kwa madaha.

"Kasoro. Kabla hajavaa deraya, Tumbiri alikuwa mchungaji wa farasi wa mjomba wake. Siku moja aliwaacha akaenda sokoni kutazama mchezo. Farasi wakaingia shamba la mzee mmoja. Tumbiri aliposikia kelele aliogopa, akakimbia, hakurudi. Akajua baadaye sana kwamba kijana wa yule mzee alivunjika nyonga…"

Sauti ya Lea ikapungua yenyewe. Monica hakuwa ameshtuka bado. "Endelea bwana, tamu hiyo!"

"…alivunjika nyonga. Sasa Tumbiri anakula nyumbani kwa mzee yule yule, kwa jina jingine. Mzee anamwita mwanangu. Kila tonge linamkaba."

"Safi sana!" Ashrafu alikuwa amesimama. "Hii ndiyo kasoro! Maana inavunja kiapo chake chenyewe. Meshaki, umetisha."

Lea hakusikia sifa hizo. Alijiambia ni mchezo, Meshaki ameichukua habari ya nyumbani akaichezea, ni utovu wa adabu tu, atamgombeza wakiwa njiani. Alitamani iwe hivyo kwa moyo wake wote.

"Huyo kijana aliyevunjika nyonga," aliuliza polepole. "Ana jina?"

Meshaki aliinamisha kichwa.

"Meshaki, nimekuuliza."

"Doto," alijibu.

Monica akaziba mdomo kwa kiganja. Lori likapita nje, vikombe vikacheza, na hakuna aliyevishika. Lea alisimama akatoka kwa mlango wa uani, na Meshaki akamfuata.

Uani palikuwa na tangi la maji na viti vibovu. Lea alisimama kumpa mgongo, mikono kifuani, kama anasikia baridi katikati ya jua la saa nane.

"Wewe ndiye Kitashu."

"Ndilo jina alilonipa bibi. Meshaki ni la ubatizo. Shuleni, kazini, kanisani, kote ni Meshaki. Sikulibadilisha ili nikudanganye, Lea. Kila mtu ana majina mawili. Wewe mwenyewe nyumbani ni Kulwa."

Lea akageuka kwa ghafla, macho yakiwaka. "Kulwa hajakimbia mtu, Meshaki! Kulwa alikaa na pacha wake wodini miezi miwili akimgeuza ubavu!"

"Najua."

"Hujui kitu. Ng'ombe uliwaacha ukaenda wapi?"

"Kibanda umiza." Alilisema kwa aibu hata likawa halisikiki. "Walikuwa wanaonyesha mpira kwenye runinga. Nilisema dakika kumi tu, ng'ombe wametulia. Nilikuwa mjinga wa miaka ishirini na mbili. Niliposikia watu wanapiga mayowe nilikimbilia kwa dada yangu Kidodi. Mjomba akasema amelipa, yameisha, nisirudi huku. Habari ya mtu kuumia hakuniambia. Naapa."

"Ulijua lini?"

"Siku ya kwanza uliyonipeleka kwenu. Doto alikuja na fimbo yake kunivutia kiti. Nikamuuliza pole, uliumia nini, na baba akasimulia. Akataja Kitashu. Wali ukanikwama hapa." Aligusa koo. "Na wakati huo nilikuwa nimeshakupenda mpaka sioni njia ya kutokea."

Lea alihesabu kichwani. Miezi kumi. Miezi kumi huyu mtu anakula, anacheka, anasikiliza mpira redioni na Doto bega kwa bega, na Doto anamwita shemeji. Na yeye, mjanja wa kutunga vibaka wenye heshima, ameketi katikati yao anaona raha tu.

"Kwa nini leo? Kwa nini kwenye karatasi ya mchezo, mbele ya Monica, unanisomesha aibu yangu kwa mdomo wangu?"

"Kwa sababu uliposoma kile kiapo nilishindwa. Nimejaribu kukwambia mara nyingi, maneno yanafika hapa yanarudi. Kalamu ikanisaidia. Na leo baba anatoa jibu. Sikutaka ampe mtu asiyemjua." Akasogea hatua moja, akajizuia. "Lea, nisikilize. Nitafanya unavyotaka. Ukisema nikaseme, nakwenda. Ukisema ninyamaze, nitanyamaza mpaka kaburini, na nitamtunza Doto kama ndugu yangu wa damu."

Simu ya Lea ikaita. Ilikuwa ni baba. "Mmeshaondoka? Mama yako ameshaweka mchele. Mwambie mkwe wangu asichelewe."

Mkwe wangu! Ndiyo mara ya kwanza alilitamka.

"Tunakuja, baba," alisema Lea, akakata simu.

Wakati huohuo Monica alichungulia mlangoni, akasema kwa sauti ndogo, "Shoga, mimi na Ashrafu hatujasikia kitu. Ni mchezo tu, sawa?" Akarudi ndani.

Na hapo ndipo shetani alipomkalia Lea begani, tusidanganyane. Ilikuwa rahisi mno. Huku wanaojua ni wanne tu, na hakuna kati yao atakayemsaliti. Anyamaze. Ale wali, asikie ndiyo ya baba, harusi iwe Desemba. Alimpenda Meshaki, jamani, alimpenda hata pale akiwa na hasira za kutaka kumrushia kiti. Lakini akamwona Doto siku ya harusi, amevaa suti, anapanda ngazi za kanisa kwa fimbo, anamkumbatia shemeji yake na kumshukuru. Na yeye amesimama pale anajua. Kesho anajua, na akizaa watoto wakamkimbilia mjomba wao, bado anajua.

"Usinitwike mimi," alimwambia Meshaki. "Miezi kumi umeubeba huu mzigo, leo umechoka ndiyo unaona kichwa changu kinafaa? Tutakwenda Masanze. Mimi sitasema neno. Ukisema, umesema. Ukinyamaza nami nitanyamaza, sitakuumbua mbele ya wazazi wangu. Lakini barua yako nitairudisha mimi mwenyewe kesho asubuhi, na sababu hawataijua. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Na usiniguse."

Njia nzima ya vumbi alishika chuma cha nyuma cha pikipiki, asimshike kiunoni kama siku zote. Machozi yalimtoka ndani ya helmeti, upepo ukayakausha, yakatoka mengine.

Walifika saa kumi na moja. Mkeka ulikuwa umetandikwa barazani, na mama amevaa khanga mpya. Doto ndiye aliyewaona wa kwanza, akainuka kwa fimbo, akaburuta kiti kizuri cha nyumba mpaka kivulini. "Shemeji! Leo ni leo! Kaa hapa, nimekuwekea!"

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba, marahaba mwanangu. Karibu. Mama Kulwa, mletee maji anawe, mambo mengine na tumbo tupu hayasikiki," alisema mzee Godfrey, na uso ulikuwa umemng'aa.

Mama alileta birika na beseni. Meshaki hakunyoosha mikono. Lea alikuwa ameegemea nguzo, anatazama vidole vya Meshaki. Sema, alimwomba kimoyomoyo. Usiseme. Sema.

"Baba, naomba nisinawe kwanza," Meshaki alisema. "Bibi yangu aliniita Kitashu. Miaka mitano iliyopita nilichunga ng'ombe wa mjomba wangu huku Masanze. Ni mimi."

Birika lilitua sakafuni. Mama alisema, "Yesu wangu," basi.

Mzee Godfrey alimtazama Meshaki, kisha akamtazama Lea, na Lea akatikisa kichwa. "Nimejua leo mchana, baba."

Doto alikuwa bado ameshika mgongo wa kile kiti alichokiburuta. "Ulikuwa wapi?" aliuliza. Hakupaza sauti.

"Kibanda umiza. Naangalia mpira."

"Nani alishinda?"

Meshaki akapiga magoti pale pale mkekani, kijana mzima, mbele ya pacha wa mchumba wake. "Sijui. Sikuumaliza. Nisamehe, Doto. Nilikimbia. Na nilipokujua niliendelea kukimbia, nakula hapa huku nakimbia."

Mzee Godfrey alinyanyuka akaingia ndani. Alipotoka alikuwa na bahasha, Lea aliifahamu, ilikuwa ni ile ya posa. Akamnyooshea Meshaki.

"Simama. Hii iliandikwa na Meshaki, na Meshaki nilikuwa na jibu lake zuri. Lakini aliye mbele yangu ni Kitashu, na Kitashu hajawahi kuniandikia kitu. Chukua ukaandike upya. Weka majina yako yote mawili, na haya uliyoyasema leo yaandike yote, usipunguze. Mshenga usimtume. Utaileta mwenyewe, kwa miguu yako hiyo iliyokimbia."

Meshaki aliipokea kwa mikono miwili. Alimtazama Lea mara moja tu. Lea hakumwita, hakumfuata. Pikipiki ikanguruma, ikaondoka, vumbi likapanda mpaka kwenye migomba.

Wali ulikuwa unapoa. Lea alikaa chini kwenye mkeka.

"Baba, akiileta hiyo barua, utamjibu nini?"

"Mimi?" Mzee Godfrey alijifuta uso kwa kiganja. "Nyonga iliyovunjika ni yangu? Barua ya Kitashu atakayeijibu ni Doto."

Wote wakamgeukia. Doto alikuwa amesimama vilevile, mkono mmoja kwenye fimbo na mwingine kwenye kiti kitupu, anatazama njia. Alipoongea aliongea na Lea peke yake.

"Mwambie asije wiki hii, Kulwa. Nikimjibu wiki hii nitamjibu vibaya."